Mwenyekiti wa kamati ya shule kati ya kalenda mbili

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara. Mwezi uliopita mkutano wa wazazi ulivunjika. Mwalimu mkuu alisoma taarifa yake: utoro umezidi, wazazi hawachangii chakula, hawakagui daftari za watoto. Wazazi wakajibu kwamba walimu wanafika saa tatu, watoto wanamaliza bila kujua kusoma, na serikali ilishasema elimu ni bure. Mzee mmoja akasimama akasema, "Nyie walimu hamtupendi," watu wakaanza kuondoka. Nataka kuitisha mkutano mwingine. Je, ni kweli walimu na wananchi tunaona matatizo tofauti, au ni ubishi tu? Na mimi niliye katikati nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwenyekiti. Pole kwa mkutano, na pole kwa kiti chenyewe, maana mwenyekiti wa kamati ya shule hana mshahara wala mtetezi. Walimu wanamwona mtu wa kijiji, kijiji kinamwona mtu wa walimu.

Nilifundisha, kisha nikawa mkaguzi wa shule hadi cheo kilipogeuzwa jina tukaitwa wathibiti ubora, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya kati ya Nachingwea, Masasi na huko kwenu uwandani. Nitakujibu kama mtu aliyewahi kukaa pande zote mbili za meza.

Matatizo mnayoona ni yaleyale. Kila upande unayapima kwa mizani yake na kuyahesabu kwa kalenda yake, na hapo ndipo ubishi unapopata chakula.

Katika ukaguzi nilikuwa na mazoea ambayo hayakuwamo kwenye fomu. Asubuhi niliwauliza walimu ofisini: tatizo la kwanza la shule hii ni lipi? Mchana niliwatafuta wazazi chini ya mkorosho au kwenye baraza ya msikiti, nikawauliza swali lilelile. Majibu niliyaandika kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa walimu ulianza na wazazi karibu kila mara: hawajali. Ukurasa wa wazazi ulianza na mtoto: hajui kusoma. Ukizisoma kurasa hizo pamoja huoni mahali mmoja anapomkanusha mwenzake. Mwalimu anaeleza anachodhani ndicho chanzo, mzazi anaeleza kilichomfikia nyumbani.

Usidhani huu ni ugonjwa wa Kusini. Marekani kuna chama cha wanataaluma wa elimu kiitwacho Phi Delta Kappa, ambacho tangu 1969 kimekuwa kikikusanya maoni ya wananchi kuhusu shule zao za umma. Miaka mingi ya mwanzo wananchi walitaja nidhamu ya wanafunzi kuwa tatizo la kwanza. Mwaka 1984 walimu nao wakaulizwa, wakataja wazazi kutojali. Ng'ambo ya bahari, na jibu ni la ofisi ya walimu Masasi! Kura hizo za maoni zimeonyesha pia, mwaka baada ya mwaka, kwamba Mmarekani huipa shule ya mtaani kwake alama nzuri kuliko anazozipa shule za nchi nzima. Kwetu nimesikia kinyume. Shule nzuri iko Kilimanjaro, iko Dar es Salaam, au ilikuwa Ndanda enzi za wamisionari. Ya kijijini ndiyo mbovu. Nadhani ni kwa sababu mwenye uwezo wa kumhamisha mtoto ameshamhamisha, na waliobaki wanahisi wameachwa. Ile sauti ya "hamtupendi" uliyoisikia imetoka hapo, ila kuna jambo jingine ndani yake nitakalolisema mbele.

Tuanze na mizani. Katika kijiji kimoja baba mmoja alitoa mfukoni stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika, ile ya kupokelea korosho, akaniambia: "Nilimpa mwanangu wa darasa la tano anisomee kilo. Akasema huo mwandiko hauwezi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Huo ndio mtihani wa mzazi, mwenyekiti. Hajui upimaji wa darasa la nne wala wastani wa shule kiwilaya. Anajua kwamba anapeleka gunia ghalani na nyumbani kwake hakuna wa kumhakikishia kilichoandikwa. Siku hiyohiyo nilikuwa nimemkagua mwalimu wa mtoto yule. Maazimio ya kazi yamekamilika, maandalio ya somo yamesainiwa, na darasani watoto wamebanana wanne hadi watano kwa dawati. Kwa mizani yangu ya fomu mwalimu alikuwa anafanya kazi. Kwa mizani ya stakabadhi, hakuna kazi iliyofanyika.

Nani mkweli? Nilikuwa nakwepa swali hilo, siku hizi silikwepi. Kwenye suala la kusoma, mzazi ndiye mkweli. Tathmini za Uwezo zilizoanza 2010, ambazo zilipita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, zilionyesha wazi kwamba watoto wengi wanapanda madarasa bila kuyaweza maswali hayo. Serikali yenyewe ililikubali hilo ilipopunguza mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ukabaki na kusoma, kuandika na kuhesabu. Mzazi wa Tandahimba aliliona kabla ya watafiti. Alikosa tu namna ya kulisema ambayo mwalimu hataisikia kama tusi.

Kwenye suala la fedha hali inageuka, na hapo nasimama na walimu.

"Elimu bure" imeharibu mikutano mingi kuliko neno jingine lolote ninalolijua. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, ukaanza kutekelezwa Januari 2016. Miezi michache baadaye ukaja waraka namba 3 wa 2016 kufafanua nani anafanya nini, na humo mzazi amebakiziwa kazi zake: sare, daftari na kalamu, matibabu ya mtoto, chakula cha mchana kwa anayesoma kutwa. Mchango wa hiari uliokubaliwa na wazazi haukukatazwa. Kilichokatazwa ni kumfukuza mtoto kwa sababu mzazi wake hajachanga. Lakini waraka wa kwanza ulitangazwa redioni na majukwaani, wa pili ukabaki kwenye mafaili. Januari 2018 Rais Magufuli akakemea michango hadharani, na kijijini ikasikika kama sheria mpya. Kwa hiyo walimu wenu wameusoma waraka wa pili, wazazi wamesikia tangazo la kwanza, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Kuna hesabu ambayo sijawahi kuona ikifanywa mbele ya wazazi, nayo ingepunguza nusu ya kelele. Tangu mpango uanze, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni. Maana yake ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 400 inapata 200,000 kwa mwezi zikija kamili, na humo kuna chaki, karatasi za mitihani, wino, bawaba ya mlango, shimo la choo lililotitia. Mlinzi wa usiku hatoshi humo. Sasa angalia mtego: posho ya madaraka ya mwalimu mkuu nayo ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Nimeona kijiji kikimshitaki mwalimu mkuu kwa kula "laki mbili za shule", kumbe ni posho yake halali, na ruzuku yenyewe mwezi ule ilikuwa haijafika. Hakuna aliyekuwa mwongo. Walikuwa wanazungumzia laki mbili mbili tofauti.

Hapohapo nimuulize mwalimu mkuu wako swali moja kupitia kwako: korosho za shule zinakwenda wapi? Shule nyingi za Mtwara na Lindi zina mikorosho yake, urithi wa siku za Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Watoto wanaokota, korosho zinapelekwa chama cha msingi, fedha zinaingia kwenye akaunti. Mzazi anajua mwanawe ameokota. Hajawahi kuona stakabadhi. Mwalimu anaona jambo dogo, maana fedha ni kidogo na zimenunua mabati ambayo kila mtu anayaona. Mzazi haoni dogo. Yeye anaijua korosho. Hawezi kukadiria bei ya wino wa kurudufu mitihani, lakini kilo za mikorosho 40 anazikadiria akiwa amesimama barabarani, na akikadiria akakuta taarifa imekaa kimya, hataamini hata ile hesabu ya ruzuku uliyomweleza vizuri.

Kalenda sasa. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote.

Mwalimu anaishi kwa mihula. Mwaka wake unaanza Januari, na Januari ndipo anapohitaji kila kitu: sare, daftari, mchango wa chakula, fedha ya mlinzi. Mwananchi wa uwandani anaishi kwa korosho. Kuanzia Mei anahangaika na salfa, dawa ya mikorosho, na mtu wa kumpulizia. Katikati ya mwaka mfuko uko mtupu. Septemba na Oktoba kuokota kunaanza, minada inafunguliwa, fedha zinaingia benki kwa mafungu hadi Desemba au Januari. Fedha hiyo imeshapangiwa: deni la pembejeo, bati, pikipiki, ngoma ya mwanawe. Shule inapogonga mlango, wengine wote wameshapita. Na minada ikichelewa, shule inachelewa nayo. Msimu wa 2018/19 serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakakwama kwenye uhakiki, Januari 2019 nilikuta watoto wa darasa la kwanza wamekuja shule na nguo za nyumbani, na mwalimu akaniambia, kwa uchungu wa kweli kabisa, "Wazazi wa huku hawajali." Wazazi walikuwa wanakwenda benki kila siku kuuliza.

Chakula nacho ni hivyohivyo. Mnaomba debe la mahindi mwezi wa pili, wakati watu wanahesabu vikombe kufika mavuno. Liombeni Juni, mahindi yakiwa uani. Wenzenu wa Lindi wenye ufuta wanauza Juni na Julai. Shule inayoelewa inasubiri mnada wa ufuta. Ninyi mna korosho: fedha ya mlinzi na ya mpishi ikubaliwe kwenye mkutano wa kijiji Septemba, kabla ya mnada wa kwanza, kila kaya ikijua kiasi chake, na itolewe mnada wa pili au wa tatu. Januari msiombe kitu. Mwalimu mkuu atasema utaratibu wa bajeti haukubali. Unakubali, akijipanga.

Nimeahidi kurudi kwenye "hamtupendi". Nitasema jambo ambalo wazazi hawatalisema mkutanoni, kwa hiyo nawe usilitaje kwa jina la mtu.

Unajua kangomba. Julai baba ana mgonjwa, au binti kachaguliwa kidato cha tano anatakiwa kuripoti bwenini na godoro na ndoo, na fedha hakuna. Anamwendea mwenye fedha, anapewa kiasi, na korosho zake zinakwenda kwa bei ya kutupa zikiwa bado ni maua. Na kijijini mwenye fedha Julai ni nani? Mwenye duka, na mwenye mshahara. Kuna shule moja, siitaji wala wilaya yake siitaji, ambako nilikaa siku mbili nisielewe kwa nini wazazi walikuwa wakimya mbele ya mwalimu mmoja aliyefundisha vizuri kuliko wote. Jioni ya pili bibi mmoja akaninong'oneza: nusu ya baraza ile walikuwa wadeni wake. Oktoba watapeleka magunia kwake. Watasimama vipi kumwambia asichelewe darasani? Na atawaambiaje wanunue daftari, wakati anajua fedha ya daftari imelala kwake?

Sisemi walimu wenu wanafanya hivyo. Kangomba imekatazwa, na walimu wengi wala hawana cha kukopesha, wao wenyewe wanakopa. Nasema mzee anaposimama akasema neno zito lisilo na mfano, usimjibu haraka. Mtafute kesho yake, kaa naye, nyamaza.

Utoro. Mwalimu ana neno moja kwa mambo matano. Mtoto aliyejificha porini kucheza, aliyepelekwa kuokota korosho, aliyehamia na wazazi shambani kulinda nguruwe na ngedere, aliyebaki nyumbani na mdogo wake mama akiwa kliniki, na binti aliyekosa maji ya kujisafishia akiwa mwezini, wote kwenye rejista ni alama ileile. Mzazi anaposikia "watoto wenu watoro" anamkumbuka wa kwanza tu, anakasirika, kwa sababu wake hakuwa porini. Ombeni rejista ya mwaka jana. Jumlisheni mahudhurio kwa kila mwezi, hesabu ya kawaida ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita anaifanya. Mkikuta Oktoba na Novemba zimeporomoka na Machi iko sawa, mmeshajua mnazungumzia korosho, na dawa ya korosho si viboko. Shule moja nilipopita walikubaliana kwamba wiki za kilele watoto wakubwa waokote alfajiri na jioni, na mzazi anayemzuia mtoto saa za masomo ajibu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Haikuwa kamili. Ilikuwa afadhali.

Halafu ombeni na daftari la mahudhurio ya walimu, mlisome kwa jicho lilelile. Usicheke: Oktoba walimu nao wana mikorosho. Kuna asubuhi mwalimu na mtoro wamekutana kwenye foleni ya ghala, kila mmoja akajifanya hakumwona mwenzake. Na yule anayefika saa tatu, muulizeni anatoka wapi. Ikiwa anapanda bodaboda kila siku kutoka Newala mjini kwa sababu kijijini hakuna nyumba ya mwalimu, mna kitu cha kufanya, kwa sababu kijiji kilichojenga nyumba za bati kwa fedha za msimu hakikosi vyumba viwili vya kupangisha. Walimu niliowauliza wachache sana walitaja mshahara kwanza. Walitaja nyumba, maji, na kutoshukuriwa.

Jando na unyago ndipo ninapoona walimu waliotoka mikoa mingine wakipotea njia, na wenyeji wakiwa wakali kuliko inavyostahili. Mwalimu anasema: ana fedha ya ngoma, hana fedha ya daftari. Kweli. Lakini akiisema hivyo mkutanoni ameshafunga masikio ya watu, kwa sababu Mmakonde, Mmwera au Myao hakuanza kuijua shule ubao ulipoletwa. Alikuwa na shule yake, yenye makungwi, mafunzo, kuhitimu na karamu ya kuhitimu. Mzazi anayetumia gunia la mchele na mbuzi kumcheza mwanawe ni mtu anayethamini mafunzo. Swali ni mafunzo yapi na mtoto akiwa na umri gani. Zamani mwali alikuwa amevunja ungo. Sasa likizo ni fupi, gharama ni kubwa, basi wanaunganishwa ndugu watatu mara moja na wa miaka minane anaingia na wa miaka kumi na tatu. Akitoka anaambiwa amekua. Hapo walimu wana haki kabisa, nami niko upande wao bila kona. Ila anayeweza kulibadilisha hilo ni kungwi, sio afisa elimu. Mwalikeni nyakanga wa kijiji, yaani mkuu wa makungwi, kwenye kamati, mpeni kiti cha mbele, mumuulize yeye: mtoto wa miaka minane anafundishwa nini? Wengi wao hawapendi wanachokiona siku hizi.

Mkiwa hapo wakumbusheni watu mambo mawili ya sheria. Tangu marekebisho ya 2016, kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba ni kifungo cha miaka 30; hilo wanalijua. Lisilojulikana ni kwamba tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Nimekutana na mama aliyemficha bintiye mwaka mzima akidhani akimrudisha atakamatwa yeye.

Na huyo "mzazi" mnayemwandikia barua ni nani? Mwalimu anaandika "kwa baba wa mwanafunzi". Baba yuko Kariakoo anauza viatu. Mtoto analelewa na bibi, na kwa desturi ya huku, ambako ukoo unahesabiwa kwa mama, mwenye kauli nzito juu yake huenda ni mjomba. Barua inafika, bibi anaiweka juu ya kabati, na ofisini inaandikwa "mzazi aliitwa, hakufika". Kwenye mkutano wenu mwite bibi na mjomba kwa majina ya cheo chao. Utashangaa wangapi watakuja.

Viboko sitavikalia. Wazazi wenu watagawanyika wao kwa wao, wengine watataka vizidi. Kanuni inasema ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Ombeni kuliona daftari hilo, basi.

Jipangeni pia kwa swali la darasa la sita, maana litaulizwa. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na waliowatangulia ambao watakuwa darasa la saba. Makundi mawili yatatoka mwaka mmoja na kugonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028. Walimu wameshalisikia kwenye semina. Wazazi wengi wanadhani watoto wao wamepunguziwa mwaka. Elezeni mapema, kwa sauti ya mtu mmoja.

Nije kwa mkutano wako. Usiuitishe bado. Kwanza fanya kile nilichokuwa nafanya na kurasa zangu mbili: kaa na walimu peke yao, siku nyingine na wazazi peke yao, wanawake wakae mbali na wanaume kama itabidi. Swali moja kwa wote. Andika majibu kwa maneno yao wenyewe, usiyanyooshe.

Kuandika huko kuna jambo. Katibu wa kamati ya shule ni mwalimu mkuu kwa wadhifa wake, na muhtasari anauandika yeye. Nimesoma mihtasari mingi. Taarifa ya shule inachukua kurasa tatu, kisha mstari mmoja: "Wazazi walitoa maoni mbalimbali." Maoni hayo ndiyo yangeifikisha stakabadhi ya yule baba kwa afisa elimu kata na halmashauri, lakini yamefia kwenye neno "mbalimbali". Sio hila, ni mazoea. Mteue kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne aandike sauti za wazazi pembeni, na daftari lake liambatanishwe.

Siku ya mkutano bandika karatasi mbili ukutani, ya walimu na ya wazazi, na kati yake jumla za rejista kwa kila mwezi, ruzuku iliyopokelewa mwaka huu, na stakabadhi za korosho za shule. Mwombe mwalimu mkuu asome karatasi ya wazazi, na mzazi mmoja asome ya walimu. Mtu akisoma malalamiko ya mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe sauti hushuka. Nimeliona hilo mara nyingi. Halafu mchague jambo moja tu. Ningekuwa mimi ningechagua kusoma: kila mtoto wa darasa la tatu aweze kusoma stakabadhi ya chama cha msingi, kilo na bei na tarehe, ifikapo mnada wa kwanza. Walimu wana uwezo wa kulifanya, na mzazi ana uwezo wa kulipima bila kumuuliza mtu.

Siku uiangalie, isiwe ya mnada wala ya kuchukua fedha benki. Na ule mtindo wa kuwakalisha wazazi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, walimu mbele kwenye meza yenye kitambaa, uache. Bibi wa miaka sabini aliyebanwa kwenye dawati la darasa la pili hasemi kitu. Anaitikia tu, kama alivyoitikia akiwa na miaka minane. Tokeni nje. Tandikeni mikeka chini ya mkorosho, na mwalimu mkuu akae mkekani.